Kofia za Muhiddin Mkadam

Alhamisi ya tarehe 4 Machi 1954, Muhiddin Mkadam, karani wa ghala la karafuu mjini Unguja, alipimwa kichwa ili ashonewe kofia ya nne katika mwaka mmoja. Kichwa cha mtu mzima hakikui. Muhiddin alikuwa na miaka arubaini, na mke.

Kupimwa kwenyewe kulikuwa hivi. Alisimama mtaa wa Malindi, mlangoni kwa Bi Mwanakheir, mjane anayepokea kazi za kofia za viua, zile za kutobolewa vitundu na kudariziwa kwa sindano. Uzi ulipitishwa kwenye upenyo wa mlango. Akajizungushia kichwani, akafunga fundo, akaurudisha. Cha mwanamke huyo hakuona ila ncha za vidole zenye hina. Kwa vidole hivyo alikuwa hapati usingizi, mwaka wa pili sasa.

Mwenye haya angeufunga moyo wake. Mwenye ujasiri angepeleka posa, dini haikumkataza. Muhiddin hakufanya hili wala lile. Alivaa kofia. Njiani kurudi kwake Jang'ombe alijisifu kwa subira, akajiambia kwamba kofia si dhambi. Mwoga hakosi hoja.

Nyumbani mkewe, Mwanapili, mtu wa shamba, Bwejuu, alikuwa ukumbini akishona. Alishona kila siku ya Mungu. Muhiddin hakupata kumwuliza anashona nini, wala anamshonea nani.

Ijumaa ya mwisho ya Aprili aliivaa kofia mpya mbele ya kioo, akaiinamisha kidogo upande wa kulia.

"Tazama kazi hii, Mwanapili. Bi Mwanakheir ana mkono. Kuna wanawake mji huu wanaojua sindano."

"Wapo."

"Wewe hufiki hata robo yake."

Mwanapili alitia mkono kwenye kikapu chake, akatoa uzi wenye fundo.

"Bi Mwanakheir hashoni, bwana. Anapokea, anatugawia. Hiyo nimeshona mimi. Na zile tatu za kabla."

"Mwongo!"

"Fundo hili umefunga wewe. Uzi wa kwanza ulipoletwa nikasema, kichwa hiki nnakijua, nnalala nacho. Wenzangu wanakiita fenesi. 'Mwanapili, fenesi lako limerudi!' Bi Mwanakheir mwenyewe hucheka mpaka ushungi unamvuka."

Miaka miwili Muhiddin alikuwa ameogopa kukataliwa, kusutwa, kusemwa msikitini. Kuchekwa hakukufikiria. Alikaa kitako, kofia bado kichwani.

"Kama wamtaka, kampose, sikuzuii," alisema Mwanapili. "Kama humtaka, basi mimi sikupambi tena ukasimame mlangoni kwa mtu. Sema leo, nijue nnakaa au nnakwenda kwetu."

Muhiddin alisema atachelewa sala.

Alikwenda, akasali, akabaki msikitini kuzungumza na watu asiowapenda, mpaka alipodhani hasira za nyumbani zimepoa. Aliporudi, jirani alimwambia mkewe amepanda gari la shamba la alasiri, na kikapu chake cha sindano. Ukumbini hapakuwa na kitu ila zile kofia tatu, kila moja kwenye msumari wake, zimepigwa pasi vizuri.

Malindi hakwenda. Jumapili alipanda gari la Bwejuu kumfuata mkewe, kichwa wazi.