Kitanda cha Mwali Kilivyotokea Kwenye Intaneti

Mkiona watu wa Kibiti wanacheka nikipita, msiwaulize wao, niulizeni mwenyewe, maana aibu hii ukimwachia mwingine aisimulie ataitia chumvi, na chumvi iliyomo inatosha.

Ilikuwa ile miaka soko huria limekolea, kila baraza limegeuka duka, kila kampuni ya simu inapaka kuta za watu rangi yake, na miye nimefungua chumba cha intaneti pale barabarani: kompyuta za mtumba, feni moja, na kichwa kikubwa (cha kujivuna, si cha akili). Nilikuwa nimeposwa na Hamisi, mtoto wa Mzee Mbonde, fundi wa vitanda vya kuchonga. Mambo yote yalikwenda vizuri isipokuwa hiyo kazi yangu, kwa sababu baba mkwe alikuwa haielewi.

"Mwanangu," aliniambia, "nionyeshe hiyo intaneti inavyouza kitanda. Ukiweza, utaolewa na utaendelea nayo. Ukishindwa, funga, ukae na mwenzio nyumbani."

Jamani, chumba kile nilikipenda! Nikamrekodi mzee akichonga, nikamtengenezea ukurasa wake wenye maelezo na namba ya simu, video nikaibandika humo humo. Nikaingia kwenye mtambo wa kutafutia, nikatafuta: ukurasa ukaja. Nikabonyeza sehemu ya video: patupu, kama vile mzee hajawahi kushika patasi maishani.

Nikaanza kuhangaika na kusoma mpaka nikapata ugonjwa wenyewe. Kumbe ule mtambo wa kutafutia una roboti wake anayezunguka kwenye kurasa, na video yangu nilikuwa nimeitupa chini kabisa, haina picha ya jalada, haina jina la maana, roboti angejuaje? Nikaipandisha juu, nikaipa jina, nikaipa picha. Bado. Ndipo nikakumbuka (nikajipiga kofi la paji la uso) kwamba folda nzima ya video nilikuwa nimeifunga mimi mwenyewe kwa mstari mmoja unaomwambia roboti: humu usiingie.

Na nilikuwa na sababu ya kuifunga. Shangazi Pili, ambaye ndiye somo wangu, alikuwa ananifunda kwa ajili ya ndoa, na dada yangu aliyeko Mtwara alilia kwamba amekosa kuwepo, basi tukamrekodia kidogo nikaiweka mle ili aione yeye tu. Na somo lenyewe la siku hiyo lilikuwa la kutandika kitanda. Wanawake wa huku mnanielewa. Wanaume endeleeni kusoma mkiwa mmeinamisha macho.

Sasa hapo ningeweza kumfungulia roboti video moja tu ya mzee, kazi ya dakika. Lakini nilikuwa nimepagawa kwa furaha, nikaufuta mstari wote, nikaiamuru programu iandike orodha ya video zote zilizomo na kuzipa yenyewe majina na maelezo ya ukurasa wa mzee, namba yake ya simu ikiwemo, nikampelekea roboti, nikasubiri. Siku chache baadaye likaja jibu: video mbili zimetambuliwa. Mbili! Nikaruka, nikapiga vigelegele peke yangu, wala sikujiuliza ya pili imetoka wapi (nilidhani ni ile ile, kwa ukubwa tofauti). Nilitaka kuangalia, umeme ukakatika, nikasema potelea mbali, nitaona mbele ya mzee.

Tena nikamwalika kwa mbwembwe. Akaja na kanzu, na kaka zake wawili kutoka Ngorongo waliokuja kwa mambo ya harusi, na nyuma yao wapita njia waliosikia kuna sinema ya bure. Na miye, kwa kiherehere, nilikuwa nimeazima spika kubwa za harusini ili mlio wa nyundo usikike vizuri.

"Niandike nini, baba?"

"Andika kitanda. Andika Kibiti."

Nikaandika. Ikaja video ya kwanza juu kabisa, kijipicha kidogo, giza giza, lakini maua ya kwenye kichwa cha kitanda yanaonekana. Mzee Mbonde akasimama, sauti ikamtetemeka kwa furaha: "Hicho! Hicho nimekichonga kwa mkono wangu! Fungua, mwanangu, fungua!"

Kweli, alikichonga yeye. Kilikuwa kitanda chetu cha harusi, kilichohifadhiwa kwa Shangazi Pili. Lakini miye nilikuwa nimelewa sifa, nikafungua.

Ngoma ikalia mpaka mabati yakatetemeka. Sauti ya Shangazi ikatoka kwenye spika: "Mwali, kitanda hakitandikwi kwa mikono peke yake!" Na juu ya kitanda nikaonekana miye, kanga mbili, nimekumbatia mto, kiuno kinajibu ngoma.

Baba mkwe akavuta kofia mpaka puani. Nikabonyeza kusimamisha, kompyuta ikaganda, ngoma ikaendelea. Nikachomoa waya, ikazima feni. Nikachomoa mwingine, kumbe ile ni kompyuta ya mapajani, ina betri. Kaka mtu mmoja kutoka Ngorongo, masikini, macho hayaoni vizuri, akainama kwenye kioo na kuuliza, "Kaka, mbona patasi siioni?"

Wapita njia wakalala chini kwa kicheko. Mwishowe nikaikumbatia kompyuta, nikaifunika kwa mtandio na ngoma yake, nikatoka nayo nje mbio. Niliporudi wazee walishaondoka.

Nililia, ndugu zangu. Nikaifuta video, nikaufunga mlango wa roboti, nikaanza kufungasha kompyuta kwenye maboksi, nikijua chumba basi, na pengine mume basi.

Mara nikaletewa habari kwamba simu zimeanza kulia kwenye karakana ya mzee. Kumbe kabla sijaifuta watu walishaiona. Mama mmoja wa Dar es Salaam alisema bila haya, "Fundi, nakitaka kile kile cha mwali. Nimesikiliza mpaka mwisho, ngoma yote ile, hakikulia hata mara moja!" Kisha akapiga mwingine, na mwingine, wote wanataka kitanda kisicholia.

Mkwe kwa mkwe hawawezi kuzungumza jambo kama lile, kwa hiyo ujumbe uliletwa na mama mkwe, kajifunika leso mdomoni asicheke: "Baba yenu anasema kazi uendelee nayo. Ila mlango uwe unafunga."

Tangu siku hiyo nafunga, wallahi. Sifungui folda bila kuhesabu kilichomo, simwiti mtu kuona kitu ambacho sijakiona mwenyewe kwanza, na spika za kuazima sizigusi tena. Hamisi alinioa, chumba kipo, baba mkwe tukikutana kila mmoja anaangalia upande wake. Na kitanda, mnisamehe, hakilii mpaka leo.