Picha Mbili za Pori la Njia ya Kipushi

Nimefundisha jiografia Lubumbashi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo somo la mabadiliko ya tabianchi nililifundisha kama nilivyofundishwa mimi. Naandika ubaoni, wanafunzi wananakili, tunaendelea na sura inayofuata. Gesi, joto, barafu inayoyeyuka. Barafu yenyewe hakuna aliyewahi kuiona mule darasani, isipokuwa ile ya friji, siku umeme ukiwepo.

Kisha nikaitwa kwenye mafunzo ya wiki moja Kasapa, kwenye chuo kikuu cha mji wetu. Tulikuwa walimu wachache wa sekondari. Aliyetufundisha alikuwa kijana asistenti, yaani mhadhiri msaidizi, mwembamba, anayeongea haraka kama mtu anayekimbizwa na treni. Alituonyesha namna ya kupata picha zilizopigwa na satelaiti, namna ya kuzisoma, na jinsi zilivyohifadhiwa mwaka baada ya mwaka tangu sisi tukiwa watoto. Aliponionyesha mji wetu kutoka juu niliutambua kwa reli. Baba yangu alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli hiyo, nami nilizaliwa kando yake, lakini sikuwa nimewahi kuiona yote kwa mara moja, mstari mwembamba unaokata mji na kupotelea porini.

Nilirudi shuleni nikiwa na hamu ambayo sikuwa nayo tangu nianze kazi. Shule yetu ni ya wasichana, na darasa langu lilikuwa la tano. Niliomba projekta, nikaipata, umeme ukakatika kabla sijafungua picha ya kwanza. Kwa hiyo siku iliyofuata nilichapisha picha kwenye karatasi kubwa nikazibandika ubaoni kwa gundi. Somo kwa kawaida tunalitoa kwa Kifaransa, lakini mambo yakiwa magumu wote tunarudi kwenye Kiswahili chetu.

Swali la kwanza lilitoka kwa msichana wa dawati la mbele.

"Madame, satelaiti iko mbali vile, inajuaka namna gani kama huku kwetu kuko joto?"

Niliwauliza nani kati yao asubuhi ile aliwasha mbabula, lile jiko la makala, yaani makaa, lililoko karibu kila nyumba mjini. Mikono ikainuka.

"Ukipitisha mkono karibu na mbabula bila kuigusa, unajua kama imeshika moto?"

"Ndiyo, Madame."

"Basi na ardhi inatoa joto lake hivyo hivyo. Satelaiti ina kifaa kinacholipokea kutoka mbali, kama mkono wako. Inapita tena na tena, miaka na miaka, inaandika. Ndivyo tunavyojua kama dunia inapata joto. Siku moja yenye jua kali haitoshi kusema kitu."

Walielewa. Niliona kwamba wameelewa, na hilo likanipa kiburi kidogo. Nikaendelea kwenye picha mbili za pori lililo upande wa njia ya Kipushi. Ya zamani ilikuwa ya kijani kutoka pembe hadi pembe. Ya karibuni ilikuwa ya kahawia, yenye nukta nyingi za duara zilizotawanyika, ambazo wasichana walisema ni nyumba. Niliweka kidole juu ya sehemu kubwa ya kahawia nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika:

"Hapa palikuwa na msitu. Wakata makala wameumaliza."

Sikuwa nimefikiria kwamba darasani kulikuwa na mtoto wa mkata makala. Wenzake walikuwa wamefikiria. Vichwa viligeuka nyuma, kwenye dawati la mwisho karibu na dirisha, na mmoja akasema kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia: "Baba yake njo anamalizaka dunia," yaani ndiye anayeimaliza. Wakacheka. Msichana wa dawati hilo aliinamia daftari lake. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Niliwaambia wanyamaze, kengele ikalia, nikakusanya karatasi zangu.

Kesho yake hakuja. Siku ya pili yake hakuja pia. Niliwauliza rafiki zake, wakasema pengine ana malaria. Mimi nilijua si malaria, ila sikufanya lolote.

Siku ya tatu alikuja, akangoja wenzake watoke, kisha akasimama mbele ya meza yangu.

"Madame, ile pori ya njia ya Kipushi minaijua. Baba alikatakia makala kule karibu, si pale. Pale miti iko."

"Umeiona picha mwenyewe," nikamwambia. "Satelaiti haina sababu ya kudanganya."

Akanyoosha mkono kwenye karatasi zangu mezani. "Balikamata hiyo foto mwezi gani?"

Tarehe ilikuwepo, imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya kila picha, na mimi sikuwa nimeisoma. Tuliinama pamoja juu ya karatasi. Picha ya kijani ilipigwa mwezi wa nne, mvua zinapoishia. Ile ya kahawia ilipigwa mwezi wa tisa.

"Mwezi wa kenda miti inaachaka majani," akasema. "Mutondo, muputu, yote. Inabakia kama mifupa. Kisha inaota tena, mbele ya mvua." Akaonyesha zile nukta za duara. "Na hivi bantu balisema ni manyumba. Ni vichuguu vya mchwa. Majani ikianguka njo vinaonekana."

Nimekulia mji huu. Kila mwaka nimeona miti ikipukutika na kuchipua. Ningeulizwa barabarani ningejibu bila kufikiri. Lakini mbele ya picha iliyotoka angani nilikuwa nimesahau vyote nilivyovijua kwa macho yangu mwenyewe. Nilimwomba msamaha pale pale. Akasema "Si kitu, Madame," jinsi watoto wanavyosema wakitaka mtu mzima aache kuongea.

Jumamosi nilikwenda Kasapa kumwona asistenti. Nilipomweleza alicheka, si kwa ubaya. Alisema karibu kila mtu anaanzia kwenye kosa hilo, naye alilifanya mbele ya profesa wake. Akanikalisha tukatafuta picha nyingine, zote za mwezi wa tano, miaka mbalimbali, mahali pale pale. Tulizipanga kwa mpangilio. Sehemu niliyosema imemalizwa ilibaki ya kijani katika zote. Lakini mbele yake kidogo, na kuuzunguka mji karibu pande zote, kijani kilikuwa kinarudi nyuma picha baada ya picha. Kwa hiyo jambo nililotaka kufundisha lilikuwa la kweli. Nilichokosea ni mahali na ushahidi.

"Sasa nendeni mukaone," akasema. "Picha bila miguu haitoshi."

Mkuu wa shule, ambaye sisi tunamwita prefe, hakupenda. Aliuliza ni lini jiografia ilianza kufundishwa kwa kutembea. Hata hivyo aliniruhusu kuchukua wanafunzi wanane, wazazi wao wakikubali kwa maandishi. Nilimwambia msichana yule amwombe baba yake atuongoze. Nilikuwa na hofu atakataa, na angekuwa na haki.

Tulimkuta baba yake kando ya njia, mwezi wa kumi, asubuhi, amesimama na baiskeli yake. Alikuwa mtu mfupi mwenye vidole vilivyokatika kucha. Binti yake alinitambulisha, naye akanisalimia kwa mikono miwili. Njiani aliniambia kwamba zamani alikuwa mchimbaji wa madini Kambove, shimo likamporomokea mwenzake, akaacha, akaingia kwenye makala kwa sababu miti haikuangukii bila kukupa ishara.

Pori lilikuwa limechipua. Majani mapya yalikuwa mekundu, laini kama ngozi ya mtoto mchanga, na wasichana, wengi wao wa mjini kabisa, waliyagusa kana kwamba hawaamini. Hiyo ndiyo sehemu niliyosema imekwisha. Tulisimama katikati yake, na nilisema kwa sauti, ili wote wanane wasikie, kwamba nilikosea.

Kisha nikamwonyesha yule baba picha za mwezi wa tano. Nilianza kumweleza, hapa kaskazini, hapa kusini, lakini hakunihitaji. Alizichukua, akazigeuza mpaka zikalingana na alivyosimama, akaweka kidole kwenye mstari mwembamba wa giza.

"Hiki kijito. Huku njia ya baiskeli. Hapa," kidole kikasogea, "hapa njo nilianzaka. Kutoka ku nyumba mpaka hapa, asubuhi naenda, mangaribi nimerudi. Sasa minaenda mpaka huku." Kidole kilitoka kwenye karatasi kabisa, kikasimama hewani. "Nalala njiani mara mbili. Satelaiti yenu inasema kweli, Madame. Lakini miguu yangu ilijua mbele yake."

Alitupeleka sehemu iliyokatwa kweli. Tulitembea karibu saa nzima. Jua lilikuwa kali, na tulipotoka kwenye miti na kuingia kwenye uwazi, wasichana wawili walijifunika vichwa kwa madaftari bila kuambiwa. Palikuwa na visiki, nyasi zilizoungua, na mahindi machache ya mtu aliyefika baada ya makala. Nilikuwa nimebeba kipimajoto cha maabara ya shule. Tuliweka mikono juu ya udongo, tukaweka kipimajoto pia, kisha tukarudi kivulini tukafanya vile vile. Hakuna aliyehitaji kusoma namba ili ajue tofauti, ila waliisoma na kuiandika.

"Papa," mmoja akamwuliza, "na mvua? Imebadilika?"

"Zamani mwezi wa kumi inakuwa imeisha kuanza. Sasa mwaka moja inakuja, mwaka ingine inakawia. Mama ya watoto anapanda mahindi mara mbili, ya kwanza inakauka."

Wote walinitazama, wakingoja niseme hayo ndiyo mabadiliko ya tabianchi. Safari hii sikukurupuka. Niliwaambia kwamba anachosema tunakiandika, lakini kumbukumbu ya mtu mmoja, kama picha moja, haitoshi. Tutatafuta rekodi za mvua zilizopimwa na satelaiti juu ya Katanga kwa miaka mingi, tulinganishe na alichotuambia, tuone zinakubaliana wapi na zinapishana wapi. Baba yule alitikisa kichwa kukubali, kama fundi anayesikia fundi mwenzake.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa zima, nikabandika picha mbili za mwanzo, nikawaeleza nilivyokosea hatua kwa hatua. Mwalimu mwenzangu aliniambia baadaye kwamba nimejivunjia heshima, kwamba wasichana wa umri ule wakikuona umeanguka mara moja watakusukuma kila siku. Haikuwa hivyo. Waliuliza maswali zaidi ya yote niliyowahi kuulizwa. Walianza kunidai tarehe ya kila kitu.

Mmoja aliuliza: "Kwa hiyo ni sisi njo tunaharibu dunia?"

Niliwaambia kwamba gesi nyingi inayoipasha dunia joto imetoka kwenye viwanda na magari ya nchi za mbali, kwa muda mrefu kabla yetu, na kwamba haki ni kulisema hilo. Lakini pori letu likiisha, joto na ukavu vitakuwa vyetu, hata kama kosa kubwa si letu.

Hapo msichana wa dawati la mwisho akainuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema bila kuitwa.

"Baba anakata makala. Kweli anakata. Lakini hapa ndani nani ku nyumba kwabo hawapikake na makala?"

Hakuna mkono ulioinuka. Nami sikuinua wangu. Umeme wa kwetu ulikuwa umekatika siku nne. Yule aliyemcheka mara ya kwanza alitazama meza yake, kisha, wakati wa mapumziko, niliwaona wakikaa pamoja wakigawana karanga. Sijui waliambiana nini.

Muhula ule darasa lilitengeneza ukuta mzima wa karatasi: pori, joto la ardhi, mvua. Kuhusu mvua hawakupata jibu safi. Baadhi ya miaka ilikubaliana na maneno ya baba yule, mingine haikukubaliana, na waliandika hivyo. Nilijivunia sentensi hiyo kuliko ukuta wote. Prefe alileta wageni kuuona, akasema ni shule iliyobuni wazo hilo.

Msichana yule alifaulu mtihani wa taifa na kuingia chuoni Kasapa, agronomia. Mwaka wa kwanza aliusimamisha katikati baba yake alipougua mapafu, akarudi mwaka uliofuata. Baba yake alipona, ingawa baiskeli hawezi tena mwendo wa siku mbili. Anakata karibu, kidogo, na anafuga kuku.

Mwaka jana baba huyo alinitembelea shuleni, peke yake, amevaa shati la kanisani. Alisema kuna kipande karibu na kijito amekiacha bila kukata, visiki vinachipua, na amewazuia wengine wasikichome. Alitaka kuona kama kinaonekana kutoka juu. Tulitafuta kwenye kompyuta, mwezi wa tano, tukakuza mpaka picha ikawa miraba mitupu. Kipande chake kilikuwa miraba minne au mitano, ya kijani hafifu, huwezi kuitofautisha na nyasi. Nilimwambia ukweli huo.

Aliinamia skrini, mikono magotini.

"Kadogo sana," akasema.

"Ndiyo, Papa. Bado kadogo."

Aliniomba nimchapishie hivyo hivyo. Nikamchapishia, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati.