Mkasi wa Anania na Wimbo wa Pasi

Anania Kalinga alikuwa fundi cherehani mwenye haya kuliko mafundi wote wa Iringa mjini, na ushonaji hauna huruma kwa mtu wa namna hiyo. Kumzungushia tepu kiunoni mke wa mtu kulimshinda tangu siku ya kwanza. Basi akawa anamwomba mteja asimame barazani, atembee hatua tatu kwenda na tatu kurudi, kisha aende zake nyumbani. Vipimo alivichukua kwa macho, tena kwa mtazamo mmoja, halafu akainama. Magauni yaliwakaa sawasawa. Wanawake wa mtaa wa Kihesa walisema fundi Kalinga ana dawa. Hakuwa na dawa yoyote, alikuwa na haya.

Cherehani yake ilikuwa kwenye baraza ya duka la vitambaa. Nyuma ya dirisha la duka hilo alikaa mama mzazi wa mwenye duka, bibi wa Kihindi aliyeitwa Mama Kanta. Kila siku saa kumi jioni Mama Kanta aliweka santuri kwenye gramafoni, nyimbo za sinema za kwao, na Anania akashona akisikiliza. Mambo yaliendelea hivyo miaka kumi na mmoja bila yeyote kati yao kusema neno juu yake.

Kama watu wote, Anania aliamini kwamba wanaoimba ni wale wale wanaoonekana kwenye picha. Siku moja akiwa sinema akamsikia binti mmoja akiimba kwa sauti ya binti mwingine, ambaye mwezi uliopita alikuwa amekufa kwa kifua kikuu mbele ya sinema nzima. Jambo hilo lilimnyima raha wiki mbili. Hatimaye aliuliza, macho yakiwa kwenye mkasi.

"Mama, yule binti wa picha ya juzi, sauti yake si ya yule aliyekufa?"

"Ile?" Mama Kanta alicheka mpaka akakohoa. "Ile nafungua mdomo tu, fundi! Iko mama ingine nyuma, naimba. Jina yake Nirupa Kamat. Mama nene, navaa miwani, iko wajukuu sita."

"Anawaimbia wote?"

"Yote. Msichana ya mwaka hii, msichana ya mwaka kesho, Nirupa ile ile."

Anania akarudi kwenye mshono wake. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kusikia habari iliyomfariji kiasi kile. Kulikuwa na mtu anafanya kazi na wengine wanaivaa, na mtu huyo hana haja ya kutokea. Hata yeye, hakuna arusi aliyowahi kwenda ambako watu waliuliza gauni kalishona nani.

Tangu siku hiyo alimfuatilia Nirupa. Nyimbo zake kubwa, zile ambazo vijana wa Kihesa walizipiga mluzi bombani, hakuzijali sana. Hizo alipewa mwanamke wa steringi, nyota wa picha, na Nirupa aliziimba kama mtu anayepokea wageni. Anania alipenda zile ndogo, za upande wa pili wa santuri, zinazoimbwa na yaya, na mjane, na mpishi. Kulikuwa na wimbo wa yaya anayemenya njegere za arusi ambayo hakualikwa. Katikati ya ubeti wa pili Nirupa anameza mate, na anameza kweli. Kulikuwa na mwingine wa ndani ya treni, ambao anaanza yeye, halafu mwanamume anaupokea na hamrudishii tena. Fundi hutazamwa upande wa ndani wa nguo, kwenye mapindo, na Anania aliona kwamba mapindo ya mama huyu yalikuwa safi.

Lakini wimbo uliomshika kabisa ulikuwa wa pasi. Mama Kanta alimfasiria. "Nguo ya sikukuu ya watu, mimi napiga pasi. Ya kwangu iko kunjana, hapana mtu naona." Anania alikuwa na pasi ya mkaa mguuni pake wakati anaambiwa maneno hayo. Akaipuliza majivu.

Mwaka wa unga wa njano wa msaada, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, picha yenye wimbo huo ikaletwa Iringa. Anania aliona tangazo ukutani akasimama mpaka mtu akamuuliza kama amepoteza kitu. Alitaka jambo moja tu: aone ni uso wa nani Nirupa ameuvaa safari hii.

Siku hiyo hiyo, Alhamisi, alikuja Yohane, mwendesha mashine wa sinema, mtu wa maneno mengi.

"Kamwene, fundi! Niazime mkasi mpaka jioni."

"Ni wa nguo," Anania alisema.

Kila fundi anajua kwamba mkasi wa nguo haukati karatasi, haukati nywele, haukati kitu kingine chochote. Ule wa Anania ulikuwa na ila moja, pengo dogo karibu na ncha, ambalo liliacha uzi mmoja bila kukatwa kila alipokata.

"Kazi yenyewe laini kuliko nguo," Yohane alisema, na mkasi tayari uko mkononi mwake. Mtu mwingine angeukamata. Anania aliona haya kumkamata mkono.

Ijumaa alikwenda sinema. Picha ilikuwa nzuri. Ikafika mahali mwanamke aliyevaa sari nyeupe anaingia chumbani, anainama kuchukua pasi, na mara watu wote wamo kituo cha polisi wanalia. Wimbo hakuna. Jumamosi akaenda tena. Mwanamke akainama, polisi, vilio. Watu wa Kihesa waliijadili sana sehemu hiyo wakakubaliana kwamba pasi imeunguza nyumba. Mwalimu mmoja alieleza kwamba Wahindi kwa heshima hawaoneshi moto.

Anania alimsubiri Yohane mlangoni. Ilimchukua muda kufungua mdomo.

"Wimbo wa pasi," alisema, "umekwenda wapi?"

"Ule wa kulaza watoto? Naruka. Wimbo wa namna hiyo ukianza tu, watu wote wanatoka kujisaidia kwenye ukuta wa jirani, na jirani kashamlalamikia meneja mara tatu. Nalinda ukuta, kaka."

"Hauoneshwi kabisa?"

"Nenda Mbeya. Mkanda unaondoka Jumatatu, na kule hawana jirani."

Yohane alisema hivyo kwa utani. Jumatatu asubuhi Anania alikuwa anafunga viatu.

"Baba Evarista, kwema?" mkewe Severina akauliza.

"Nakwenda Mbeya. Vifungo."

Severina alitazama kopo la vifungo, lililokuwa limejaa mpaka halifungiki. "Vya Mbeya vina matundu mangapi?" akauliza. Lakini alimfungia viazi vya njiani.

Alisafiri basi moja na mabati ya mkanda, yale makopo ya duara ya kuwekea picha. Makambako kulikuwa na ukungu, Igawa jua, na muda wote Anania aliangalia mabati kama mtu aliyesindikiza mgonjwa. Jumanne, kwenye onyesho la saa kumi jioni, alikaa mstari wa katikati. Mwanamke wa sari nyeupe akaingia, akainama kuchukua pasi. Polisi. Vilio.

"Nyumba imeungua," mtu wa jirani akamweleza.

Picha ilipokwisha, Anania alifanya jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya. Alipanda ngazi mpaka chumba cha mashine akabisha. Ndani alikuwamo kijana mrefu aitwaye Andendekisye, anayefanya kazi akiwa amevaa kofia ya sufu.

"Samahani, mwanangu. Wewe nawe unaruka wimbo?"

"Mimi siruki kitu, baba. Huo haumo. Kuna watu wameukata." Akauvuta mkanda akamwonesha mahali ulipoungwa kwa gundi. "Tazama kazi hii. Iringa hiyo. Na mkasi wenyewe mbovu."

Anania aliinama. Karibu na ukingo wa mkanda palikuwa na kijino kidogo, mahali ambapo mkasi haukukata na mtu akamalizia kwa kuchana. Alikijua kijino hicho. Alikuwa akikiona kila siku kwa miaka minane.

"Mkasi ni wangu," alisema.

Andendekisye alimtazama mzee huyu aliyesafiri maili mia mbili kuja kukiri. "Basi, baba," alisema, "Ijumaa mkanda unarudi kwa wenyewe Dar. Wakikuta umepungua watasema ni mimi. Kamwambie huyo mwenzako nataka kipande changu hapa Alhamisi kabla ya saa kumi, ama nitaandika barua."

Jumatano saa nane mchana Anania alikuwa Iringa, mbele ya Yohane, kwenye ua wa sinema. Aliyasema yote aliyoagizwa. Yohane alishika kichwa. Alikuwa amekata wimbo kwa nia ya kuurudisha Jumapili baada ya onyesho la mwisho, lakini Jumapili kulikuwa na ulanzi mtamu kwa shemeji yake. Akaingia ndani akatoka na kopo la biskuti.

"Kaka yangu. Mzee Kalinga. Nipelekee wewe, mimi sina ruhusa. Nitakushukuru mpaka kaburini."

Anania alilipokea kopo. Lilikuwa zito kuliko alivyofikiri wimbo unaweza kuwa. Angeweza kuondoka nalo. Alhamisi angeuona Mbeya. Lakini kama basi lingeharibika njiani, kama gundi isingeshika, wimbo huo ungerudi Dar na asingeuona tena maisha yake yote. Akalirudisha kopo kifuani pa Yohane.

"Nioneshe."

"Saa hizi? Kuwasha mashine kwa mtu mmoja? Meneja akisikia?"

Kwa kawaida hapo Anania angesema basi, haidhuru. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Ulikata kwa mkasi wangu," alisema. "Nioneshe."

Akaingia ukumbini akakaa peke yake katikati ya viti mia tatu. Taa ikawaka nyuma. Chumba, kitanda, rundo la nguo. Sauti ya Nirupa ikaanza taratibu, kama mtu asiyejua anasikilizwa.

Mwanamke alikuwa amegeuka. Kuanzia mwanzo wa wimbo mpaka mwisho alipiga pasi akiwapa watu mgongo, na mdomo wake haukuonekana hata mara moja. Safari hii Nirupa hakuvaa uso wa mtu. Anania aliona mikono, na shati jeupe la mtu mwingine. Aliona mwanamke anaanza na kola, kama inavyotakiwa. Aliona pia kwamba blauzi ya mwanamke mwenyewe ilishonwa vibaya begani, mshono umevuta, na kwamba wimbo ulipofika penye "hapana mtu naona" mshono ule ndio uliokuwa katikati ya pazia la sinema. Nyumba haikuungua. Pasi ilirudishwa mahali pake.

Taa ikazimika.

"Ndio huo tu?" Yohane alipaza sauti kutoka kwenye kitundu cha chumba cha mashine. "Umekwenda Mbeya kwa huo?"

"Rudia," Anania alisema.

Haikumbukwi kama alikuwa amewahi kumwamuru mtu kabla ya hapo. Yohane alirudia, mara mbili.

Usiku ule Severina alimuuliza kuhusu vifungo. Anania akasema kesho anavirudia. Severina alimtazama kidogo, akaenda kuchemsha viazi vingine.

Alhamisi kopo lilifika Mbeya saa tisa, juu ya magoti ya Anania. Andendekisye aliunga mkanda kwa wembe na gundi, hakutaka kuuona mkasi, akamwingiza mzee bure. Picha ikaenda. Mwanamke wa sari nyeupe akaingia, akainama kuchukua pasi, akawageuzia watu mgongo, na Nirupa Kamat akaanza.

Mluzi ulisikika. Viti vikalia. Mstari mzima wa Anania ukasimama kwenda kujisaidia, naye akakunja miguu kuwapisha mmoja baada ya mwingine, huku akinyoosha shingo asipitwe na mshono wa begani.

"Hutoki, mzee?" mmoja akamuuliza. "Huu ni wa kutokea."

"Nimeshatoka," Anania alisema.

Ukumbi ukabaki mtupu. Ubeti wa pili ulipoanza alitazama nyuma kuona kama kuna mwingine aliyekaa. Alikuwapo mzee mmoja karibu na ukuta, kofia usoni, amelala fofofo. Anania alimhesabu.