Ulimi wa Mpishi na Macho ya Mama Zuhura

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba binadamu na njaa yake kisha akaiamuru ardhi imlishe. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyetufundisha kula kwa mkono wa kulia na kuinuka kabla tumbo halijajaa. Namshukuru Mola kwa umri alionipa, na kwa mikono ambayo bado inamenya kitunguu bila kutetemeka. Baada ya hayo, nawaandikia ninyi vijana mnaopika, hasa mnaowapikia watu mnaowapenda, habari za kazi yangu ya jikoni na kosa nililolifanya nikiwa nimekwisha kustaafu.

Nilianza kazi katika kantini ya wafanyakazi wa reli pale Tura, mashariki ya Tabora. Siku ya kwanza nilifika alfajiri nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nikidhani ndivyo mpishi anavyotakiwa kuwa. Mkuu wa Jiko, Mnyamwezi mrefu mwenye sauti ya kupenya ukuta, alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Unakwenda kuoa?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kazini."

"Basi vua hilo shati kabla masizi hayajalivaa. Nioneshe kucha."

Aliniketisha mbele ya gunia la maharage nichambue mawe, na kwa majuma mawili sikusogea karibu na moto. Kisha akaanza kunifundisha maneno ya kazi. Kuteleka ni kuweka sufuria motoni, kuepua ni kuitoa. Kuunga ni kukaanga kitunguu na nyanya katika mafuta, halafu kumiminia kile kilichokwisha kuchemshwa. Chukuchuku ni chakula kilichochemshwa tu, hakikuungwa. Alinifundisha pia kuonja: unachota kwa mwiko, unadondoshea kwenye kiganja cha kushoto, unalamba kiganja.

"Usilambe mwiko," alisema. "Wewe si paka."

Tuliokuwa tukiwapikia walikuwa watu wa genge, yaani kikosi kinachotengeneza njia ya reli. Walirudi adhuhuri mashati yao yamekauka jasho, yana michirizi myeupe mgongoni. Mkuu wa Jiko alinionesha ile michirizi na kusema, "Hiyo ni chumvi imewatoka. Sisi kazi yetu ni kuwarudishia. Ukipika kwa ulimi wa karani, hawa watakumwagia mchuzi miguuni." Kwa hiyo nilijifunza kuonja kwa ulimi wa mtu aliyeshinda juani akipiga nyundo. Wakati ule ilikuwa sawa kabisa, na wale mabwana, Mungu awarehemu waliotangulia, walikula wakashiba na kutuombea dua.

Baadaye nilipelekwa Ulyankulu, kwenye jiko la shule ya bweni. Mkubwa wangu pale alikuwa Matroni, mwanamke Mkatoliki mpole aliyetembea na rozari mfukoni na hakupenda kuona chakula kinatupwa. Akina mama wenye asili ya Burundi waliotuletea mboga walinionesha namna ya kupika maharage hadi yalainike, kisha kuponda sehemu yake na kuirudisha sufuriani, mchuzi ukawa mzito bila tone la mafuta. Niliyaonja, nikayapenda, lakini moyoni nikasema hicho ni chakula cha watu walioishiwa mafuta. Nilikuwa kijana, na nilipima ufundi kwa jinsi mchuzi unavyong'aa.

Kituo changu cha tatu, nilichokaa muda mrefu kuliko vyote, kilikuwa hoteli ya chakula pale Gongoni, Tabora mjini. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Muislamu, ambaye sote tulimwita Tajiri. Mimi nikawa mpishi mkuu. Asubuhi tuliuza supu na chapati, mchana wali, ugali wa sembe na rosti, yaani nyama katika mchuzi mzito wa nyanya; jioni karai lilishinda motoni kwa ajili ya chipsi na sambusa. Wasafiri wa treni, madereva na maafisa walikuja wakiniulizia. Nilipopita mezani walisema, "Mpishi, leo umetuua!" Nami nikaitikia, "Mungu awafufue mje na kesho."

Jambo moja lilinishangaza. Tajiri hakula chakula chetu. Kila mchana mkewe alimletea vyombo vya bati vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine: dengu, mboga, chapati kavu mbili. Siku moja nilimuuliza.

"Tajiri, chakula changu kina kasoro?"

Alicheka hadi miwani ikateleza. "Kasoro gani, mpishi? Kitamu sana! Mimi nina presha. Chakula chako mtu akila mara moja anafurahi, akila kila siku ananifuata mimi hospitali."

Nilicheka naye. Sikujua kwamba alikuwa ameniambia jambo la kunifaa.

Kulikuwa na desturi katika majiko ya hoteli, sijui kama bado ipo: mafuta yanayoelea juu ya rosti, mekundu, yenye harufu ya viungo vyote, ni haki ya mpishi. Wakati wa kufunga unayaengua kwa upawa, unayatia chupani, unakwenda nayo nyumbani. Nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Mke wangu, Mama Zuhura, alilelewa kwa ugali wa mtama, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, na michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa juani. Nilipomletea chupa yangu niliona nimemtoa katika chakula cha shida. Nsansa zikaungwa kwa mafuta ya rosti, na maharage na mlenda vivyo hivyo. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi.

Nilistaafu miguu ilipokataa kusimama kutwa. Mwaka huohuo Mama Zuhura alianza kulalamika kwamba maandishi yanacheza. Yeye ni msomaji. Kila baada ya swala ya alfajiri hufungua msahafu wake, na sauti yake ndiyo saa ya nyumba yetu. Tulikwenda hospitali. Daktari, binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wetu, alimpima, akakuta presha na kisukari. Alituamkia kwa heshima, halafu akasema bila kuficha.

"Bibi, hii presha inaharibu mishipa ya macho. Dawa utakunywa, lakini bila kubadilisha chakula, dawa peke yake haiwezi. Ikiendelea hivi, macho hayatabaki."

"Mume wangu ni mpishi," Mama Zuhura alijibu. "Atajua la kufanya."

Nami niliona fahari. Nilirudi nyumbani nikapiga marufuku mafuta, sukari na soda. Sembe niliiondoa nikaleta dona, unga usiokobolewa. Nilipika maharage kama akina mama wa Ulyankulu, na samaki chukuchuku kwa ndimu na pilipili hoho. Chumvi niliipunguza, au niliamini hivyo: nilitia, nikadondoshea kiganjani, nikaonja, nikaona bado, nikaongeza kidogo, kama nilivyofanya maisha yangu yote.

Tuliporudi kliniki presha ilikuwa palepale. Safari iliyofuata ilikuwa imepanda, na jicho la kushoto lilikuwa limefifia zaidi. Daktari aliuliza, "Bibi, kuna chakula unakula nje?"

Mama Zuhura alitikisa kichwa. Lakini mimi nilikwisha kuingiwa na shaka. Jirani yetu hukaanga chipsi barazani, na binti yetu Zuhura, akija kututembelea, hupenda kuleta kuku wa kukaanga kwenye mfuko. Tulipofika nyumbani nilimgeukia.

"Mama Zuhura, sema kweli. Unakula kwa jirani?"

"Sili."

"Mimi nimeondoa kila kitu jikoni. Presha inapandaje? Inapandishwa na upepo?"

"Baba Zuhura, nimekwambia sili."

"Basi nikikusikia tena unasema macho yanauma, usinilaumu."

Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyasema, ingawa yananiaibisha. Alichukua mkeka wake akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Nilimpigia simu Zuhura pia, nikamkataza kuleta chakula. Alilia. Aliniambia hajaleta kitu tangu mama yake augue.

Ramadhani ikaingia hali ikiwa hivyo. Daktari alimkataza Mama Zuhura kufunga, na dini yetu imemruhusu mgonjwa; tukawa tunatoa fidia, kila siku sahani moja kwa ajuza asiye na mtu mtaani kwetu. Mimi nilifunga. Sasa, wanazuoni wamemruhusu mpishi aliyefunga kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini mimi tangu ujana nilijizuia. Hotelini kazi hiyo nilimwachia mpishi mwenzangu Mmoraviani, Mkristo asiyefunga, ambaye ulimi wake ulipikwa jiko moja na wangu. Nyumbani, miaka iliyopita, sote tulikuwa tumefunga, nikapika kwa kukadiria. Mwaka huo kulikuwa na mtu nyumbani ambaye hakufunga.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, nilikuwa nikipika kunde na michembe kwa ajili ya futari. Nilifika kwenye chumvi nikasita. Nikachota kwa mwiko, nikaenda nao hadi mkekani.

"Mama Zuhura, hebu nionjee. Chumvi imekolea?"

Alitazama ule mwiko, kisha akanitazama mimi. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumuuliza swali lile. Mpishi mkuu wa Gongoni angemuulizaje mtu?

"Unataka jibu la mke au la muonjaji?"

"La muonjaji."

Alikinga kiganja, akalamba, uso ukakunjamana. "Baba Zuhura, umeileta Uvinza nzima humu ndani."

Uvinza, kwa wasiojua, ndiko chumvi yetu ya magharibi inakochimbwa tangu enzi za misafara.

"Leo tu, au?"

"Leo afadhali," alisema taratibu. "Leo hukuonja ukaongeza."

Nilikaa chini mwiko mkononi. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesemaje? Mji mzima ulikusifu, nikadhani ulimi mbovu ni wangu. Halafu tumefundishwa tusikitie kasoro chakula. Mtume hakukitia kasoro. Alipokipenda alikula, asipokipenda alikiacha."

"Na wewe hukukiacha."

"Ningekiacha vipi nawe umesimama pale unaningoja nisifu?" Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Na uliponiambia nakula kwa jirani, niliona nikitaja chumvi itakuwa kama nakutupia wewe."

Nilimwambia kwamba kukitia kasoro chakula kwa dharau ni jambo moja, na kumwambia mpishi ukweli ni jambo jingine. Hilo la pili ni nasaha, na nasaha ni haki ya Muislamu kwa mwenzake. Nilimwomba radhi palepale, kwa yale maneno ya siku ile na kwa kila sahani. Akasema, "Nimekusamehe. Sasa kaongeze maji kwenye kunde, watu wanakaribia kufuturu."

Siku hiyo nilifuturu kwa kunde zilizoonjwa na yeye. Kwangu zilikuwa kama maji ya kuoshea sahani. Nikaelewa: genge la Tura lilikuwa bado mdomoni mwangu. Wale walitokwa jasho. Mke wangu alikaa kivulini na msahafu wake. Mimi nililisha watu wa reli katika sahani ya mgonjwa, na kiganja changu kikaniambia kila mara kwamba bado.

Tangu hapo chumvi inakaa kwake, na yeye ndiye anayetia. Nilimpigia Zuhura nikamwomba radhi naye, akaniambia, "Baba, mimi nilikuwa naogopa hata kukwambia chai yako ina sukari nyingi." Kabla mwezi wa Idi haujaandama, kunde zilianza kuwa na ladha ya kunde kinywani mwangu. Sikuijua ladha hiyo kabla, na nilizipika kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Uyoga wa masika, ule unaouzwa njiani mvua zikianza, nao una utamu wake ambao nilikuwa nikiuzika.

Kula nje hatukuacha. Zuhura alitutoa siku moja, tukaketi kwenye hoteli ya vijana. Niliagiza samaki wa kuchoma, bila chumvi, kachumbari pembeni. Mhudumu akaniinamia.

"Babu, bila chumvi? Hiyo ni adhabu, au umekosana na bibi?"

"Tumepatana," Mama Zuhura akamjibu. "Ndiyo maana anauliza kabla hajala."

Yule kijana alicheka, akaenda kumwambia mpishi, na samaki akaja kama tulivyoomba. Mpishi mwenyewe alichungulia mlangoni kuona tumemuonaje. Nilimwinulia mkono. Najua jinsi mtu anavyosimama pale.

Presha imeshuka. Jicho la kushoto halikurudi, na daktari alituambia tusilitegemee. La kulia limesimama hapo lilipo, halijapungua. Mama Zuhura amenunuliwa msahafu wa maandishi makubwa. Anasoma polepole kuliko zamani, kurasa mbili mahali pa kumi, na mimi hukaa karibu nimsikilize kabla sijakwenda kuwasha jiko. Kila nikisikia aya inafika mwisho bila kukwama, nasema alhamdulillahi kimoyomoyo. Na pale anaponyamaza akilitafuta neno, najua sehemu yangu katika ule ukimya, na naomba msamaha tena.

Wewe unayesoma, na hasa wewe unayepika: Mwenyezi Mungu akupe mikono misafi na riziki ya halali. Akujalie mtu wa kukwambia ukweli mezani, akujalie na kifua cha kumsikiliza. Awape afya wote wanaokula kwa mkono wako, awahifadhie macho yao, na akulipe kheri kwa kila tonge. Amina.