Ni Mimi Niliyetandika Kile Kitanda

Ni mimi niliyetandika kile kitanda. Nilikitandika asubuhi nne mfululizo, nikasugua hodhi la kuogea, nikafua taulo za hoteli kwa sabuni niliyotoka nayo nyumbani na kuzianika kwenye ukingo wa baraza, zikitazama Ziwa Tanganyika. Nilikana mbele ya meneja, na kwa miaka mingi nimekana mbele ya wenzangu wa chuo kikuu. Kila kisa hiki kilipoletwa mezani nilisema alikuwa mama fulani wa chumba cha jirani, na nilicheka kuliko wote. Kwa sababu ya uongo huo mwanamke mmoja nusura apoteze kazi.

Ilikuwa wakati wa vita. Shirika moja la wageni liliandaa semina ya amani ya siku tano, likanichukua nitafsiri. Waandaaji waliogopa kwamba washiriki wakilala makwao, asubuhi barabara zitafungwa na semina itabaki na viti. Kwa hiyo tulilazwa sote katika ile hoteli kubwa ya ufukweni, hata mimi, ambaye kwetu Buyenzi ni mwendo mfupi tu kutoka hapo. Niliaga kama anayekwenda Ulaya. Mama alinifungia chapati. Jirani aliuliza kama nitaandika barua.

Nilikuwa na shahada, na nilikuwa na mdomo. Siku ya kwanza mezani niliwasimulia washiriki kwamba hoteli za huko nilikosomea zilikuwa na mito laini zaidi. Huko nilikosomea nililala bweni, kitanda cha juu. Hii ilikuwa hoteli yangu ya kwanza.

Sasa kwetu, mwanamke akilala kwa watu hatoki chumbani kabla ya kutandika, kufagia na kuanika alicholowesha. Akiacha kitanda kimevurugika, mwenye nyumba hatamwambia kitu. Atamwambia jirani. Nilipomaliza kuswali alfajiri ya Jumanne nikageuka, nikaona zile shuka nyeupe zimefinyangwa kama kuna mtu aliyepigana nazo, na mikono ikaenda yenyewe.

Wakati wa mapumziko nilirudi chumbani kuchukua miwani. Nilimkuta mfanyakazi wa usafi amesimama katikati, shuka safi mkononi. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, anatoka Carama, pembezoni mwa mji, na kila asubuhi alianza kutembea askari walipofungua barabara.

"Mama, we ulilala wapi?"

"Hapa."

"Apana. Hapa hakulala mutu."

"Mi nimelala. Nimetandika tu."

Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kisha akafuta macho. "Mama, niachie kazi yangu. Nyumbani niko na watu tisa, wamekimbia vita, wote wananiangalia mi. Mukubwa wangu akiona hivi, atasema sifanyi kazi."

Nikaahidi. Jumatano nilijaribu kweli. Niliketi kitini nikakitazama kitanda kilivyovurugika, nikavumilia muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu nikatandika, na kwa kuwa nilikuwa nimeshainama, nikafagia kwa taulo ndogo.

Alhamisi taulo zangu zilionekana kutoka kwenye bwawa la kuogelea, kitenge changu katikati yake. Msimamizi wa vyumba akapanda, akaona kitanda, akajua hakuna mfanyakazi wake anayetandika vile. Mchana meneja alikuja mezani kwetu, akainama kwa adabu.

"Samahani, Madamu. Ni wewe uliyefua taulo za chumbani?"

Meza nzima iligeuka. Profesa mmoja alikuwa ndiyo kwanza ananiuliza zaidi kuhusu ile mito.

"Mimi?" nikasema. "Nifue hotelini?" Na nikatoa kicheko nilichowahi kukisikia kwenye filamu.

Meneja aliomba radhi. Ijumaa asubuhi nikatandika tena.

Siku hiyo alikuja mfanyakazi mwingine, msichana. Nikamuuliza mwenzake yuko wapi.

"Wamemurudisha nyumbani. Wanasema aliingiza mutu wa nje amufanyie kazi. Juma ijayo watakata neno." Alikitazama kitanda changu, kisha akanitazama mimi. "Sababu Madamu alisema si yeye."

Nilirudi Buyenzi na habari hiyo tumboni. Jumamosi Mama aliuliza tulikula nini. Nikaanza na samaki, nikamaliza na mwanamke wa Carama.

"Umesoma miaka yote ile," alisema, "uje uone haya kusema umetandika kitanda?"

"Mama, walikuwa wananiangalia."

"Na yeye, wale tisa hawamwangalii? Vaa viatu."

Simu iliyokuwa ikifanya kazi mtaani ilikuwa kwenye gereji ya baba mdogo, juu ya meza ya vipuri. Laini ilikuwa mbovu, ilibidi kupiga kelele.

"Bwana meneja, kitanda nilitandika mimi!"

Nyundo zikanyamaza.

"Na taulo, Madamu?"

"Nilifua mimi!"

"Na hodhi?"

"Nilisugua!"

Fundi mmoja akatoa kichwa chini ya teksi. "Dada, kumbe ulienda kule kuwa boyi?"

Meneja hakuniamini. Alisema juzi nilikana mbele ya watu wazima, na leo huenda namhurumia tu mfanyakazi. Akamwita msimamizi wa vyumba ashike simu.

"Eleza," msimamizi akasema. "Mito uliiweka namna gani?"

"Naipiga mara mbili, naisimamisha!"

"Unaisimamisha?"

"Wima! Imeegemea ukuta!"

"Na blanketi?"

"Nalikunja mara tatu, naliweka miguuni!"

Mafundi wote walikuwa wamekusanyika, wanatikisa vichwa kwa kuridhika, kama wazee wanaosikiliza posa. Mama alisimama mlangoni. "Waambie na kufagia," akasema.

"Nilifagia pia!"

Nikamsikia msimamizi akimwambia meneja, mbali na simu: "Ni yeye. Mito niliikuta imesimama hivyohivyo."

Meneja akarudi. Alitaka yote hayo kwa barua, na jina langu kamili, na sahihi, na cheo changu cha chuo kikuu, ili aiweke kwenye faili.

"Cheo cha nini?" nikauliza.

"Ili mtu akisoma asifikiri tumebuni, Madamu."

Nikatazama mafundi, nikamtazama Mama. Nikasema nitaileta leoleo.

"Basi," akasema, "kuna mlinzi wetu anakaa Carama, nitamtuma sasa hivi. Jumatatu huyo mama aingie kazini."