Lugha ya Wezi

Juzi nilitoka asubuhi bila kujua niendako, kama kawaida yangu, na miguu ikanifikisha Bugolobi. Chini ya fleti moja watoto walikuwa wakigombana kwa Kiswahili bila kumwogopa mtu. Nikasimama kuwasikiliza, nikamkumbuka mdogo wangu Akello.

Utotoni tulikuwa tumehama kambi ya askari Makindye, tulikokuwa tukisema Kiswahili, tukaingia mtaa wa Kyebando, ambako watoto walisema Kiswahili ni lugha ya wezi. Niliamini kabisa. Nilidhani baba, kwa kuwa ni askari, alifundishwa na wezi aliowakamata. Basi nikaapa mbele ya wenzangu kwamba sikijui.

Alasiri moja mama mmoja Mkongo alitujia mbio, akinukia mawese na jasho, akauliza kwa Kiswahili.

"Wanangu, hamjaona mtoto wa shati jekundu?"

Wenzangu wakacheka. "Ficheni viatu, mwizi huyo!"

Mimi nilikuwa nimemwona mtoto. Nikatazama chini.

Akello, mwenye miaka sita, akaacha kuruka kamba. "Mama, mtoto iko kule kwa mashine ya unga," akasema kwa sauti kubwa ya kambini. "Inalia."

Kicheko kikakatika, tukasikia mashine ikinguruma kwa mbali. Nilimtazama Akello kama mtu aliyeshika kaa la moto asiungue.

Yule mama akampapasa kichwa, kisha akanigeukia. "Huyu ni mdogo wako?"

Wenzangu wote wakanikodolea macho.

"Ndiyo, mama," nikamjibu kwa Kiswahili. "Twende, tutakupeleka."