Kipande cha Mtwara

Ukimkuta Bakari wa Mitwero amekaa, jua anaumwa. Kibandani kwake anakata tiketi za ndege kwa simu, na huzungumza na wateja huku akizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Yeye ujanja wake ni kujua safari uianzie wapi ili ulipe kidogo. Na kila mteja humwimbia sharti lile lile: "Ukiruka kipande cha kwanza cha safari, tiketi yote imekufa. Usije ukanililia!"

Mtu mmoja tu hakumwambia: mama yake, Bi Batuli.

Dada yake, Mastura, alikuwa Maskati na mimba ya kwanza, amelazwa, kila siku anamlilia mama kwenye simu. Bakari akapekua nauli weee, mpaka akaona kwamba kuanzia Mtwara kupitia Dar ni rahisi kuliko kuanzia Dar yenyewe. Ajabu, lakini ndivyo. Korosho za msimu mzima zikaishia hapo.

"Mama, ndege utapandia Mtwara. Mimi natangulia, nina mteja huko," akasema, mguu mmoja ushatoka nje. Bi Batuli alipofungua mdomo kuuliza, mtoto hayupo.

Siku ya safari, Bakari hakutulia kiwanjani Mtwara. Abiria wanaingia, mama haonekani, simu haipokelewi. Akapiga tena na tena. Mwishowe ikapokelewa.

"Shikamoo mama, uko wapi?"

"Marahaba, baba. Ndiyo kwanza tunaingia Nangurukuru."

"Nangurukuru! Mama, hiyo si njia ya Dar?"

"Sasa? Na ndege si inapita Dar? Niende Mtwara, halafu nirudi nipite juu ya paa langu mwenyewe hapo Mitwero, mimi kichaa? Msafiri hageuzi uso nyuma. Nitaikuta huko huko."

Bakari akamkimbilia Yustina wa kaunta, waliyezoeana naye. Akaomba, akabembeleza.

"Kaka Bakari," Yustina akasema kwa huruma, "sharti si unalijua? Kipande cha kwanza kikirukwa..."

"Nalijua!" akafoka, kisha akaona haya.

Simu ilikuwa bado hewani. "Bakari, mbona kelele? Usihangaike, baba, nitawahi. Mwambie Mastura asijifungue kabla sijafika."

Bakari akaishusha simu. Akakaa chini, pale pale sakafuni.